Nani Ameshika Projekta?

Tunapozungumzia historia ya filamu nchini, kwa kawaida tunauliza nani alizitengeneza na zilihusu nini. Mimi naona swali linalotufaa zaidi ni hili: nani alikuwa ameshika projekta? Aliyeishika ndiye aliyeamua watu waone nini, wapi na kwa sharti gani.

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, zikiwemo za kilimo, afya, kodi na akiba ya posta. Lori lilizunguka na projekta na pazia, na maelezo yalitoka kwenye santuri ili yaweze kubadilishwa kwa lugha ya mahali. Mwananchi alikuwa mtazamaji, pengine hata mwigizaji, lakini hakuulizwa angependa kuona nini.

Baada ya Uhuru projekta ilibadili mikono bila kumfikia mtazamaji. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, ilikabidhiwa uingizaji na usambazaji wa filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ikaimarisha ukaguzi. Hoja ya Serikali siidharau: taifa changa lililokuwa likijenga ujamaa liliogopa kuuachia utamaduni wake soko la Hollywood na Bombay. Hata hivyo, ulinzi huo ulikuwa na gharama. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi 1994.

Kilichovunja uzio huo ni mkanda wa video. Katika vibanda vya mitaani, penye mabenchi na televisheni moja, watafsiri kama Lufufu waliigeuza filamu ya kigeni kuwa simulizi ya Kiswahili, yenye utani na maoni yao. Bila idhini ya mtu, uswahilini walijitwalia haki ya kuchagua na hata ya kufasiri.

Leo, katika nyumba za kupanga za Kihonda ninakoishi, mageuzi hayo yamefika ukutani. Kijana huhifadhi filamu zake kwenye diski ya kompyuta, akaiunganisha kompyuta na projekta ndogo kwenye ruta moja, na picha ikasafiri bila waya hadi ukuta mweupe wa sebule. Wengi hudhani jambo hili linakula bando. La hasha: filamu iliyomo kwenye diski yako husafiri ndani ya nyumba tu, na intaneti ikikatika inaendelea. Anayetegemea huduma ya kulipia kila mwezi hana uhakika huo. Malipo yakikoma au mkataba wa kampuni ukibadilika, filamu huondoka. Ameshika projekta, ila kabati liko kwa mwingine.

Kwa hiyo swali la zamani limehamia kwenye kabati. Tukifungua diski zetu tutakuta nini? Hollywood, Korea na India, nyingi zikiwa zimeingizwa kwenye flashi kibandani bila mtunzi kuambulia senti, ingawa tuna Sheria ya Hakimiliki tangu 1999. Filamu kama *Arusi ya Mariamu* ya 1985, ambayo kampuni yetu ya umma ilishiriki kuitengeneza, ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanayo?

Uhuru wa kuchagua hauna maana kubwa ikiwa kazi zetu wenyewe hazimo katika vya kuchaguliwa. Watumishi wa umma wenye dhamana ya utamaduni wazitoe filamu zilizogharimiwa na umma katika nakala halali za kidijitali, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Nasi tununue, tuhifadhi, tuwaalike majirani. Dola iliyowahi kuamua tusione nini sasa ina deni la kutuonyesha kilicho chetu.