Jiwe Nyuma ya Tairi

Anayejifunza gari la gia za mkono hauogopi mlima kwa sababu ya urefu wake. Anachoogopa ni pale katikati ya mwinuko: foleni imesimama, lori limemganda kwa nyuma, na sasa walio mbele wameanza kusogea. Mguu mmoja uko kwenye breki, wa pili kwenye klachi, na pedali ya mafuta inadai mguu wa tatu ambao Mungu hakumpa. Akichelewa, gari linarudi nyuma. Akiharakisha, linazima, na honi zinaanza.

Hofu hiyo ina umri sawa na gari lenyewe.

Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka na gari Mannheim, Ujerumani, bila kumuaga mumewe Carl, aliyelibuni gari hilo. Aliwachukua wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, wakaenda kumwona bibi yao huko Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa gari la magurudumu matatu. Wasimulizi wa safari hii hupenda kutaja pini ya kofia ambayo Bertha alizibulia mrija wa mafuta, na duka la dawa la Wiesloch alikonunua kimiminika cha kuendeshea injini. Lakini shida kubwa ilikuwa vilima. Gari lilishindwa kupanda, na kila liliposhindwa, ilibidi lisukumwe. Kwenye miteremko, breki za mbao zilikuwa zikilika hadi Bertha akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Aliporudi nyumbani alikuwa na ushauri kwa mumewe: gari liongezewe gia ya kupandia mlima. Benz akaiongeza. Kwa hiyo gia ile nzito ambayo dereva wa leo huitia bila kufikiri ilidaiwa na mama aliyechoka kuona gari likisukumwa.

Miaka ishirini baadaye, Henry Ford alitoa Model T, gari la nguvu za farasi 20 lililouzwa zaidi ya milioni 15 kabla ya kusimamishwa mwaka 1927. Wengi walilinunua wakiwa hawajawahi kugusa usukani. Lilikuwa na gia mbili tu za mbele, zikiendeshwa kwa mguu wa kushoto: ukikanyaga hadi chini unapata nzito, ukiachia unapata nyepesi. Tatizo lilikuwa tangi. Lilikaa chini ya kiti cha mbele na halikuwa na pampu. Petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye injini, kama maji ya mfereji. Mlima ukiwa mkali na petroli ikiwa chache, pua ya gari ilipanda juu ya tangi, mafuta yakagoma, injini ikafa.

Madereva wakapata dawa ambayo leo ingemfanya mpita njia asimame kushangaa. Waligeuza gari wakapanda mlima kinyumenyume. Tangi likawa juu ya injini, na tena rivasi ya Model T ilikuwa na nguvu kuliko gia ya kwanza: injini ilizunguka mara 4 kwa mzunguko mmoja wa shafti ya kwenda magurudumuni, ilhali gia nzito ya mbele ilikuwa mara 2.75. Mtu alipanda akiwa amegeuza shingo, anatazama bonde alikotoka. Mwaka 1911 kijana mmoja wa Edinburgh, Henry Alexander, aliipandisha Model T hadi kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Ilimchukua siku kadhaa, katika matope, mawe na theluji. Lilikuwa tangazo la biashara, kwani baba yake alikuwa akiuza magari ya Ford, lakini watu walikuwa wameonyeshwa kwamba gari dogo la bei nafuu si la tambarare peke yake.

Kilichobaki kuwa kigumu ni sanduku la gia lenyewe. Katika magari ya zamani meno ya gia yalikutana makavu. Mwendo wake usipolingana, yalipiga kelele kama msumeno uliokutana na msumari. Mwaka 1928 Cadillac ilianza kutumia ubunifu wa Earl Thompson, pete ndogo zinazolinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana. Magari madogo ya bei rahisi yalichelewa kuzipata, na hapo ndipo mlima ulipowatenga madereva na waendao kwa bahati. Ukipanda na namba mbili injini ikaanza kuchoka, unatakiwa kupangua gia kwenda namba moja huku gari likiwa bado linatembea: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, gonga mafuta kidogo injini ipandishe sauti, kanyaga klachi tena, tia namba moja. Yote hayo kabla gari halijasimama. Asiyeweza alisimama katikati ya mlima, akaanza upya pale pale alipokuwa akipaogopa.

Afrika Mashariki ilikuja kuwa mtihani mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalianza mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Miaka ya mwanzo magari yalipangwa kwa makundi kufuata bei ya dukani, si ukubwa wa injini, maana waandaaji walitaka kujua ni gari gani linalomfaa mwenye barabara mbaya na mfuko mdogo. Mwaka 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen Beetle. Beetle ilishinda tena mwaka 1957 na 1962.

Gari lenyewe lilikuwa la farasi 30 hivi, na kwenye nyanda za juu hata hao hawakutimia, kwa sababu injini ya aina ile hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Limuru, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, Beetle ilikuwa imeshanyang'anywa kama farasi sita. Iliokolewa na umbo lake. Injini ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na gari likiinua pua uzito ulizidi kulalia huko huko, matairi yakauma udongo wakati magari mengine yakisaga matope bure. Lakini Beetle ya 1954 haikuwa na zile pete kwenye namba moja. Zilikuja mwaka 1960. Walioshinda kwa gari hilo walikuwa na miguu inayojua kazi.

Si mbali na Limuru, barabara iendayo Mai Mahiu inashuka ukingo wa Bonde la Ufa. Ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, na kikanisa chao kidogo bado kiko kando ya barabara, chini ya mlima. Huko kwao Italia, mwaka 1957 Fiat ilitoa gari lililoitwa 500, lenye injini ya cc 479 na farasi 13, sanduku lake la gia likiwa halina zile pete. Waitaliano wengi wakajifunza kukanyaga klachi mara mbili, kitendo wanachokiita doppietta, na anayeijua hadi leo hachelewi kujisifu.

Upande wa Tanzania, mlima unaotajwa kwa heshima ni Kitonga, mkoani Iringa, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilitafuta mlango mwingine wa kwenda baharini, na malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yakaifanya njia hiyo iitwe Barabara ya Jehanamu kabla haijatiwa lami. Kwenye milima ya namna hiyo, dereva hakutegemea klachi peke yake. Alikuwa na utingo.

Utingo wa lori lililochoka haketi. Huteremka na kabari ya mbao mkononi, akatembea ubavuni mwa tairi la nyuma, maana gari lenyewe linapanda polepole kuliko mtu. Injini ikibadili sauti anaisikia kabla ya bosi wake. Lori likisita, kabari iko chini ya tairi. Likiondoka, anaichomoa, anakimbia hatua mbili, anatembea tena. Palipokosekana kabari, jiwe lilitosha.

Mwenye gari dogo hana utingo, ana breki ya mkono. Mwalimu wa udereva katika mji wa milima kama Lushoto humsimamisha mwanafunzi katikati ya mwinuko makusudi. Vuta breki, tia namba moja, toa klachi taratibu. Ikifika mahali fulani sauti ya injini inazama kidogo, boneti inajiinua kama mbuzi anayetaka kusimama kwa miguu ya nyuma, na usukani unatetemeka kwenye viganja. Mguu wa kushoto ubaki hapo hapo, usitikisike. Sasa ongeza mafuta, teremsha breki. Mara ya kwanza mwanafunzi hutegemea macho, akichungulia kioo cha nyuma. Baada ya wiki anatumia sikio na nyayo, na kioo anakisahau.

Viwanda navyo vilijaribu kuiondoa hofu hiyo. Studebaker ilitoa mwaka 1936 kifaa cha kuzuia gari lisirudi nyuma klachi ikiwa imekanyagwa. Subaru ikakitumia miaka mingi baadaye. Siku hizi kompyuta hushika breki kwa sekunde mbili tatu, na magari mengi ya mtumba kutoka Japani ni ya otomatiki, hayana klachi kabisa. Ni nafuu, hakuna ubishi, ingawa dereva aliyejifunzia otomatiki akipewa gari la gia kwenye mwinuko hurudi darasa la kwanza siku hiyo hiyo.

Mawe nayo hayajaondoka. Lori likiharibika kwenye kona ya mlima, utingo huliwekea mawe mawili makubwa. Likitengenezwa, wote hupanda upesi kabla injini haijabadili nia, na mawe yanaachwa palepale barabarani. Usiku, anayefuata na gari dogo huyaona taa zake zinapomaliza kona, mguu ukiwa juu ya mafuta na namba mbili ikianza kuchoka.