Joto ndani ya ordinateri: namna ya kulinda diski dire

Ordinateri za mezani zingali zinafanya kazi nyingi kwetu: ku redio, ku shule, ku kituo cha afya, na ku sekretariati ambako watu wanaenda kuandikisha barua na kutoa fotokopi. Kazi hiyo yote inatunzwa mahali pamoja, ku diski dire, chombo chenye ukubwa wa kitabu kidogo kilichofungwa ndani ya sanduku la ordinateri. Mashini ikikufa, mutu anaweza kununua ingine. Lakini sauti ya mzee aliyesimulia historia ya kijiji, kisha akafariki, hiyo hainunuliwi ku duka.

Makala hii inaeleza joto la diski linatoka wapi, kiasi gani ni kibaya, na nini mutu anaweza kufanya bila makuta mingi.

Joto linatoka wapi

Ndani ya diski muna sahani za mviringo zinazozunguka bila kupumzika, mara nyingi 5400 ao 7200 kwa dakika. Kichwa kidogo cha kusoma na kuandika kinapita karibu sana na sahani, bila kuigusa. Moteri na sehemu zingine zinatumia karibu wati 5 hadi 10 za umeme, na karibu zote zinageuka joto.

Peke yake joto hilo si kubwa. Shida ni kwamba diski inakaa sanduku moja na prosesa na alimantasio, ile boksi inayogawa umeme, na hizo zinatoa joto kuishinda. Tena, diski haiwezi kupoa kuliko hewa inayoizunguka. Ku Uvira ao Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, hewa yenyewe inaingia tayari iko na joto. Ku Goma na Lubumbashi, adui mukubwa ni mavumbi: nyeusi ya volkano, na nyekundu ya kiangazi. Mavumbi yakiziba matundu, ventilateri inazunguka lakini hewa haipiti.

Kiasi gani ni kingi

Watengenezaji wengi wa diski za mezani wanaweka mupaka ku digri 60. Kati ya 30 na 45, diski iko sawa. Ikipita 50, tafuta sababu mara moja.

Hakuna haja ya kukisia kwa mukono. Diski za sasa ziko na kipimo ndani yao. Ku Windows, programu ya bure CrystalDiskInfo inaonyesha digri. Ku Linux kuna smartmontools. Pima asubuhi unapowasha, kisha pima tena saa nane ya muchana baada ya kazi ndefu. Andika namba zote mbili ku daftari. Kama namba ya muchana inapanda kila mwezi na hali ya hewa haikubadilika, ujue mavumbi yameingia.

Cha kufanya

1. Acha nafasi. Sanduku lisigusane na ukuta; upana wa kiganja nyuma na pembeni unatosha. Lisikae ndani ya kabati, wala mahali jua la dirisha linapiga.

2. Liinue kutoka chini. Mbao ao matofali mawili yanatosha. Wakati wa kufagia, mavumbi inatembea chini.

3. Safisha. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua sanduku, na pangusa kwa brashi laini kavu ya rangi. Shika mapanga ya ventilateri kwa kidole yasizunguke. Wakati wa kiangazi fanya hivyo kila mwezi.

4. Fuata njia ya hewa. Kwa kawaida hewa baridi inaingia mbele na hewa moto inatoka nyuma. Kama mbele kuna nafasi ya ventilateri na iko tupu, fundi anaweza kuweka moja mbele ya diski. Funga waya pamoja zisizibe njia.

5. Tenganisha diski mbili. Ukiwa nazo, acha nafasi moja tupu katikati. Kila diski ikazwe kwa vis zake zote: inatulia, na chuma ya sanduku inasaidia kutoa joto.

Yasiyofaa

Watu wengi wanafunika ordinateri kwa kitambaa ao nailoni juu ya mavumbi. Wazo ni muzuri, lakini kifuniko ni cha wakati mashini imezimwa. Ikiwa inafanya kazi, ni sawa na kumufunika mugonjwa wa homa blanketi tatu.

Usiache sanduku wazi na ventilateri kubwa ya chumba ikipuliza ndani. Digri zitashuka leo, mavumbi itajaa kesho. Usiweke barafu wala kitambaa chenye maji: unyevu unaharibu umeme. Usifungue alimantasio, sababu inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Usifungue diski yenyewe, wala kuziba kwa gundi kale katundu kadogo kanachoonekana juu ya diski nyingi: ndako kanasawazisha hewa ya ndani na ya nje.

Baridi peke yake haitoshi

Mwaka 2007, wahandisi wa Google walitoa uchunguzi juu ya diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski zenye baridi sana hazikuishi kuliko zingine. Joto kali lilionekana kuumiza zaidi diski zilizozeeka. Maana yake: usitafute baridi, zuia tu joto lisizidi. Na tena: diski inayotunzwa vizuri inaweza kufa pia.

Kwa hiyo kila kitu cha maana kiwe na kopi ku diski ya pili, na hiyo isikae ku biro ileile. Ukisikia diski inagonga «tak, tak», ao inachelewa sana kufungua kazi, usianze kusafisha mavumbi. Toa kopi kwanza, ukianza na ile ambayo hakuna mutu anaweza kuirekodi tena.