Siku YouTube ilipopotelea Pakistan

Vijana wenzetu, tarehe 24 Februari 2008 YouTube ilipotea sehemu nyingi za dunia kwa kama saa mbili. Wengi wetu tulikuwa wadogo bado.

Hapa kambini siku ya mgao haiitwi kila nyumba, inaitwa bloku nzima. Intaneti nayo iko hivyo: miaka ya 1990 orodha za njia zilikuwa zinafurika kwenye ruta, ndio BGP toleo la 4 likaruhusu kuunganisha anwani nyingi na kuzitangaza kama njia moja.

YouTube ilitangaza fungu moja la anwani 1,024. Serikali ya Pakistan ikaagiza ifungwe nchini. Pakistan Telecom ikatangaza anwani 256 za ndani ya fungu lile lile, na PCCW ya Hong Kong ikalipitisha tangazo nje bila kuhakiki. Hapo sisi tunailaumu PCCW zaidi. Ruta ikiona fungu kubwa na dogo, hufuata dogo, kama vile anayeita nyumba yako kwa namba utamfuata kuliko anayeita bloku. Basi wote wakaelekea Pakistan!

YouTube ikatangaza zile 256 yenyewe, kisha ikazikata 128 kwa 128. Kazi ikaisha PCCW ilipoyaondoa matangazo ya Pakistan Telecom.