Waridi na safari ya jina lake

Katika harusi za Lamu, Mombasa na Unguja, mgeni hupokewa kwa udi na marashi. Chetezo hutangulia, kisha hufuata mrashi: chombo cha fedha chenye tumbo la duara, shingo ndefu nyembamba na kichwa chenye vitundu. Mwenyeji huutikisa, na matone ya marashi ya mawaridi humwangukia mgeni viganjani na nguoni.

Jina waridi tumelipata kwa Waarabu, nao husema ward. Hata kwao lilikuja kutoka kwingine. Wanaisimu wengi hulirudisha kwenye lugha za kale za Uajemi, na kulihesabu ndugu wa vard la Kiarmenia na rhodon la Kigiriki. Uajemi kwenyewe matamshi yaligeuka hadi yakawa gul, na mshairi Saadi akakiita kitabu chake cha mwaka 1258 Gulistan, yaani bustani ya mawaridi. Baadaye Waajemi wakaliita gul ua lolote lile. Waturuki, waliolichukua kwao, wameliachia waridi peke yake. Kwa Waarabu wengi, ward la mazungumzo ya kila siku ni maua ya kila namna.

India mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Gulab kwa Kiajemi ni maji ya waridi, kwa kuwa ab ni maji; Wahindi wakalifanya jina la ua lenyewe. Sababu inaeleweka: ua hunyauka kwa siku chache, bali maji yake yakitiwa chupani huvuka bahari. Huko Jabal Akhdar, Oman, hadi leo wakulima huchuma mawaridi majira ya kuchipua, huyatia chunguni juu ya tanuri la udongo, na mvuke wake ukipoa hugeuka marashi. Marashi hayo ndiyo yanayonukia ndani ya halua ya Oman.

Lipo pia tawi la Kilatini, rosa, ambalo wengi hudhani ni la ukoo uleule. Rosarium ilikuwa bustani ya mawaridi. Wakatoliki wakaipa jina hilo sala ya Bikira Maria, na wamisionari wakatuletea rozari. Katika Litania ya Loreto Maria huitwa waridi lenye fumbo, na ndilo jina ambalo Euphrase Kezilahabi aliipa riwaya yake ya mwaka 1971, Rosa Mistika.

Basi anayerashiwa marashi kwenye maulidi na anayesali rozari kanisani, kila mmoja ana sehemu yake katika urithi wa ua moja. Kamusi zetu huonyesha kwamba waridi limetoka Kiarabu, zikaishia hapo. Watunga kamusi na walimu wa Kiswahili waendelee mbele: waandike safari nzima ya neno, kwa sababu safari hiyo ni sehemu ya historia yetu.