Hitilafu za geji ya mafuta katika magari yaliyotumika

Geji ya mafuta ni chombo cha dashibodi kinachomwonyesha dereva kiasi cha petroli au dizeli kilichobaki kwenye tenki. Katika magari yaliyotumika huanza kudanganya mapema: mshale hurukaruka, hung'ang'ania mahali pamoja, au hushuka ghafla kisha ukapanda wenyewe. Mara nyingi chanzo hakimo kwenye dashibodi, bali kwenye tenki, kwenye plagi ya nyaya au kwenye ethi, yaani muunganisho wa umeme na bodi ya gari. Kila kasoro huupotosha mshale kwa namna yake, hivyo fundi anayeutazama vizuri kabla ya kufungua chochote hujua aanzie wapi.

Mazingira ya Tunduma na Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega sehemu ya magharibi ya mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Mji wake wa mpakani, Tunduma, unatazamana na Nakonde ya Zambia. Hapo ndipo barabara kuu ya TANZAM inapotoka Tanzania, baada ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Magari ya mitumba yanayoshushwa bandarini kwa ajili ya Zambia na Kongo hupita hapa yakiendeshwa na madereva wa IT, yaani wa magari yanayopita tu nchini. Magari kama hayo yaliyolipiwa ushuru nchini hubeba abiria na mizigo kati ya Tunduma, Mlowo, Vwawa na Mbeya.

Mambo matatu ya mazingira haya huathiri geji. Kwanza, gari linalosafirishwa kwa meli huwekewa mafuta kidogo tu, kisha huweza kukaa muda mrefu bila kuendeshwa, na vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya tenki vikapata utando. Pili, barabara za vumbi za kwenda Kamsamba na Mkwajuni hutikisa plagi na kulegeza nyaya. Tatu ni desturi ya kununua mafuta lita chache chache. Bei kikomo inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huingiza gharama ya usafirishaji kutoka bandarini, kwa hiyo lita moja Tunduma ni ghali kuliko Dar es Salaam. Gari ambalo halijazwi hutumia sehemu ya chini ya geji siku zote, na sehemu hiyo ndiyo inayolika kwanza. Ndiyo maana mshale wa gari la biashara unaweza kutulia tenki likiwa limejaa, kisha ukaanza kuyumba karibu na E.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Ndani ya tenki kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda au kushuka, mkono huo husogeza kidole cha chuma juu ya njia yenye ukinzani wa umeme, na ukinzani unaobadilika ndio unaousukuma mshale. Seti hii yote huitwa sensa. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, ukinzani huwa omu chache tu tenki likijaa, na hupita 100 likiwa tupu. Watengenezaji wengine walipanga kinyume chake, hivyo fundi hana budi kujua familia ya gari kabla ya kutoa hukumu.

Geji za zamani zilitumia bati la metali mbili linalopinda kwa joto, ndiyo maana mshale wake hupanda polepole. Baadaye zikaja za koili, ambazo katika baadhi ya magari huuacha mshale ulipo hata ufunguo ukizimwa. Katika magari mapya kompyuta hupokea taarifa ya boya, hukokotoa wastani wake, kisha huendesha mshale. Kwa hiyo mshale kuchelewa kupanda baada ya kuweka mafuta injini ikiwa inaunguruma si ugonjwa.

Taa ya onyo katika magari mengi ya zamani ina kihisi chake cha joto. Kikizama ndani ya mafuta hupoa na taa huzimika. Kikibaki nje hupata joto, ukinzani wake hushuka na taa huwaka. Katika gari la namna hii taa ni shahidi wa pili: mshale ukisema nusu huku taa ikiwaka, mmoja wao anadanganya.

Dalili na maana yake

- *Mshale unaruka gari likipita kwenye mashimo:* plagi imelegea, ethi ni mbovu, au njia ya ukinzani imelika.
- *Mshale unabadilika taa za nyuma zikiwashwa au breki ikikanyagwa:* ethi ya nyuma ni mbovu, na umeme wa taa unaingilia njia ya boya.
- *Mshale unabaki E baada ya kujaza:* kwa Toyota za zamani, waya umekatika au plagi imechomoka. Katika gari lolote, boya linaweza kuwa limetoboka na kuzama.
- *Mshale unabaki F:* kwa magari hayohayo, waya wa boya unagusa bodi mahali fulani.
- *Geji ya mafuta na ya joto zote zinapotoka pamoja:* tatizo ni fyuzi, umeme unaoingia dashibodini au ethi ya dashibodi.
- *Gari linaloendesha magurudumu manne halivuki nusu, au linaishiwa likionyesha robo:* baadhi ya magari haya, kama Subaru Forester, yana tenki lenye mabonde mawili na boya katika kila bonde. Boya moja limekufa, au mfumo wa kuvuta mafuta kutoka bonde moja kwenda jingine umeziba.
- *Mshale unashuka mlimani, kisha unarudi tambarare:* ni kawaida, hasa kwenye miteremko mirefu kama Senjele.

Hatua za uchunguzi

Kazi huanza na kile kisichogharimu kitu: fyuzi, vituo vya betri, na kulinganisha mshale na taa ya onyo. Kisha huongezwa mafuta ya kiasi kinachojulikana, kwa mfano lita 10, ili kuona mshale unasogea kiasi gani.

Hatua inayofuata ni plagi ya tenki, ambayo katika magari mengi madogo ya Kijapani iko chini ya kiti cha nyuma. Kwa geji ya zamani ya Toyota, plagi huchomolewa na ufunguo kuwekwa ON. Mshale unatakiwa kwenda E. Kisha waya wa boya huunganishwa na ethi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4, balbu iwake na mshale uelekee F. Mshale ukitii, geji na nyaya ni nzima, na kosa liko ndani ya tenki au kwenye ethi yake. Usipotii, fundi hufuata waya kuelekea dashibodi. Gari linalotumia kompyuta halipimwi hivyo: husomwa kwa mashine, na takwimu yake ikalinganishwa na ukinzani halisi wa boya.

Boya likitolewa, mkono wake huinuliwa taratibu huku mita ikisoma omu. Namba zinapaswa kubadilika bila kuruka. Mita ya mshale hufaa zaidi hapa, kwa sababu ile ya tarakimu huweza kuchelewa na kuficha mkatiko mfupi. Mkono uliopinda, au boya la gari lingine lililofungwa wakati wa kubadilisha pampu, hutoa namba laini zisizo za kweli.

Mafuta yenyewe pia huweza kuwa chanzo. Mwaka 2004 nchini Marekani, petroli yenye salfa nyingi kutoka kiwanda cha Norco, Louisiana, iliharibu sensa za geji za magari ya wateja, kwa sababu salfa hushambulia fedha iliyopakwa kwenye sehemu zinazogusana.

Usalama na matengenezo

Tenki hufunguliwa mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, betri ikiwa imefunguliwa na mafuta yakiwa machache. Kizimamoto huwa karibu, na mpira wa mfuniko uliochoka hubadilishwa. Utando mwepesi husafishwa. Njia iliyolika haiponi kwa kusafishwa, sensa hubadilishwa.

Geji ikiwa bado haijatengenezwa, dereva hujaza tenki, hurudisha sifuri kihesabu cha safari na kufuata kilomita. Tenki la lita 45 katika gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, likiachiwa akiba ya lita 10, linampa kilomita 420. Akiba hiyo huilinda pia pampu iliyomo ndani ya tenki, kwa kuwa hupozwa na mafuta yanayoizunguka.