Waya uliotutoa chumbani

Huku Uingereza baridi imeanza kung'ata, nami nina deni la siku nyingi. Shangazi aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, hivi kazi yako huko ni kutazama taa?" Nilicheka tu, sikumjibu. Leo namjibu yeye, pamoja na nyinyi mliokuwa mnanong'ona.

Mimi ni fundi wa maabara ya leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman kule Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960. Kuiwasha ni jambo moja, kuiongoza ni jingine: kupima nguvu yake, kusogeza vioo kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Mwanzoni mtu aliinama juu ya meza akazungusha skrubu kwa vidole.

Miaka ya 1960 kampuni ya Hewlett-Packard ilibuni waya wa kuunganisha vipimo na kompyuta, na mwaka 1975 ukawa kanuni rasmi. Sisi mafundi tunauita GPIB. Ni waya mnene, mgumu kukunja, plagi zake zinapandana moja juu ya nyingine kama sahani. Vyombo visizidi 15, na urefu wote usizidi mita 20. Tena hesabu yake ni mita 2 kwa kila chombo: ukiwa na vyombo 4 pamoja na kompyuta, una mita 8 basi.

Hapo ndipo penyewe. Kwa mita 8 hutoki chumbani. Kompyuta inakaa pembeni ya leza, na mbele ya kompyuta amekaa mtu. Leza nyingi za maabara hutoa mwanga wa nanomita 1064 usioonekana kabisa, kwa hiyo hata kope hazishtuki kufumba. Katika maabara niliyoanzia kazi, mwenzangu alivua miwani ya kinga asome skrini vizuri. Dakika moja tu. Mpaka leo ana doa jeusi katikati ya jicho la kulia.

Dawa ilikuwa imeshabuniwa zamani. Tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe, akiwa Xerox PARC huko California, aliandika waraka kuhusu mtandao alioujenga baadaye na David Boggs: Itheneti (si intaneti, ingawa ni ndugu). Jina alilitoa kwenye etha, kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 waliamini kimejaa kila mahali na ndicho kinachobeba mwanga. Michelson na Morley walikitafuta mwaka 1887, hawakukiona. Etha haipo, lakini jina lake leo limo kwenye waya unaoongoza leza!

Mbona basi tulichelewa? Itheneti ya kwanza ilikuwa kama barazani: wote wanatumia waya mmoja, wawili wakisema pamoja wananyamaza, kila mmoja anasubiri kidogo kwa kubahatisha, kisha anajaribu tena. Kwa barua pepe haina shida. Kwa chombo kinachotaka jibu sasa hivi, mafundi hawakuuamini, na mimi siwalaumu. Miaka ya 1990 zikaja swichi, kila chombo kikapata njia yake, migongano ikaisha. Mwaka 2004 watengeneza vipimo wakaungana kuanzisha kanuni ya LXI, na Itheneti ikaingia maabara kwa mlango wa mbele.

Sasa waya mwembamba unafika mita 100 hadi kwenye swichi, na unapita ukutani. Nakaa chumba cha pili. Naandika *IDN? na chombo kinajibu jina na namba yake, kama mwanafunzi akiitwa kwenye rejista. Kioo nakisogeza kwa mota, mwale nautazama kwa kamera.

Si kila kitu tumeukabidhi mtandao, msije mkadhani. Kufyatua mwale kwa wakati barabara kuna waya wake, na kitufe chekundu cha dharura kina wake pia, hakisubiri swichi wala kompyuta.

Kwa hiyo, shangazi, ni kweli natazama taa, ila nikiwa nyuma ya ukuta na kikombe changu cha chai. Macho mazima. Yule mwenzangu bado yupo kazini. Ndiye aliyenifundisha kufunga swichi ya kwanza.