Kutoka kipande hadi seva wakala: Historia ya swali ‘wewe ni nani?’

KATIKA mashamba ya walowezi ya Njoro, Molo na Rongai, swali ‘wewe ni nani?’ halikuulizwa kwa adabu. Sheria ya usajili wa Waafrika ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kubeba kipande. Karatasi hiyo, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning’inia shingoni, ilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Bila sahihi ya kuachiliwa na bwana shamba, kibarua hakuruhusiwa kuajiriwa kwingine.

Hebu tuitazame lugha. Kipande ni udogo wa pande, neno lisilo na ubaya wowote. Utawala ulilitwika mambo matatu kwa mkupuo: kumthibitisha mtu, kumwidhinisha na kuziweka kumbukumbu zake. Yeyote aliyekikagua aliyasoma yote matatu. Ndiyo maana Harry Thuku na wenzake walikipinga hadi ghasia za Nairobi za Machi 1922.

Leo Njoro hiyohiyo ni makao ya Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu kamili 1987. Swali halijabadilika, ila sasa linaulizwa na mitambo.

Mwaka 1991, shirika la mtandao la Merit, jimboni Michigan, Marekani, lilitafuta njia moja ya kuwathibitisha watumiaji waliopiga simu kuingia mtandaoni. Kampuni ya Livingston Enterprises ikaitikia kwa itifaki ya RADIUS. Wataalamu wake huyataja mambo yaleyale matatu ya kipande, lakini kila moja kwa jina lake: uthibitishaji, uidhinishaji na uwekaji wa hesabu. Mnamo 2002, Klaas Wierenga wa SURFnet, Uholanzi, alipendekeza vyuo viunganishwe kwa itifaki hiyo. Ndivyo ilivyozaliwa eduroam, ambayo nchini Kenya husimamiwa na KENET, mtandao wa vyuo ulioanzishwa 1999.

Inafanyaje kazi? Tuseme mhadhiri wa chuo cha huku Bonde la Ufa amezuru chuo cha ng’ambo. Seva ya wenyeji haimjui. Inachosoma ni sehemu inayofuata alama ya @ katika jina lake, yaani kwao ni wapi. Ombi linapitishwa kwa seva ya kitaifa, kisha ya nchi nyingine, hadi seva ya chuo chake. Jibu la ‘mkubali’ au ‘mkatae’ hurudi kwa njia ileile. Anayeisanidi seva ya katikati huandika mambo machache: orodha ya vyuo na njia za kuvifikia, neno la siri la pamoja na kila jirani, na mahali pa kutunza kumbukumbu. Nywila ya mgeni haimo. Husafiri imefumbwa hadi nyumbani kwake, mradi kifaa chake kihakiki kwanza cheti cha seva ya nyumbani. Asipofanya hivyo, tapeli mwenye mtambo bandia ataidaka.

Seva hiyo ya katikati tuiiteje? Wengine husema proksi. Mimi napendelea seva wakala. Watanzania humwita wakala yule ambaye sisi Wakenya tumemzoea kama ajenti wa M-Pesa. Ajenti huuliza namba ya kitambulisho, lakini akiulizia namba yako ya siri, basi huyo ni mwizi! Wakala hubeba ujumbe wa mtu bila kumiliki siri yake. Maana hiyo tayari imo katika Kiswahili.

Tatizo ni wanaotafsiri uthibitishaji kuwa idhini. Kujua mtu ni nani si kumruhusu aingie, na kumruhusu si kupewa haki ya kumfuatilia. Kumbukumbu za seva wakala huonyesha nani aliunganishwa, wapi na saa ngapi. Hizo ni data za mtu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihusu. Tukiyachanganya maneno haya matatu katika fomu, miongozo na madarasa yetu, tutakuwa tumekirudisha kipande shingoni, safari hii bila kikebe.